Lamu: Zulia Jipya Katika Nyumba ya Boriti

Msafiri aendaye Lamu kwa njia ya nchi kavu hufikia ukomo wa barabara huko Mokowe. Basi lililoondoka Mombasa, likapita Malindi, likavuka Mto Tana karibu na Garsen na kuupita mji wa Witu, huteremsha abiria na mizigo, na sehemu ya safari iliyobaki ni ya mashua. Magunia ya mchele, makreti ya soda, magodoro na mabati hupokewa kwa mikono na kupangwa chomboni. Mara nyingine miongoni mwa mizigo hiyo huonekana bunda refu, nene kama gogo la mnazi, lililozungushiwa nailoni na kufungwa kamba mahali patatu. Urefu wake ni mita 4. Mabaharia hulitazama kwanza, wakishauriana walilaze wapi. Hilo ni zulia jipya, nalo linakwenda kutandikwa katika nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake.

Mji wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya mahali palipo urithi wa dunia nzima, na sababu kubwa ni nyumba zake za mawe. Mtu ashukaye gatini huiona Ngome, iliyokamilika yapata mwaka 1821, kisha huingia katika Usita wa Mui, njia kuu ipitayo sambamba na ufuo. Kutoka hapo vichochoro hupanda kuelekea mtaa wa Mkomani katikati ya kuta ndefu. Humo hakuna gari lipitalo. Mizigo huchukuliwa na punda, au mkokoteni, au mabega ya watu, na penye kona nyingine punda mwenye magunia mawili huwalazimisha wapita njia kujibanza ukutani. Bunda la mita 4 likifika penye kona kama hiyo halikunjiki wala halipindi. Likifaulu kupita, hukutana na ngazi ya ndani ya nyumba, ambayo nayo hupinda.

UPANA WA BORITI

Anayetaka kujua kwa nini zulia na nyumba ya Lamu hazipatani hana budi kuinua macho na kutazama dari. Dari hiyo imeshikwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika mikono ya bahari inayovizunguka visiwa. Wakataji huipanga miti hiyo kwa unene wake na kuipa majina: pau, mazio, boriti, nguzo. Mti unaofaa kubeba dari nzito ya mawe na chokaa hauwezi kunyoshwa mbali sana kutoka ukuta mmoja hadi wa pili bila ya kulegea katikati. Kwa hiyo waashi wa zamani waliuachia mti uamue. Upana wa chumba ukawa kwa kawaida chini ya mita 3, na mwenye mali aliyetaka chumba kikubwa hakukipanua bali alikirefusha. Ndiyo maana misana ya nyumba hizo, yaani kumbi zinazofuatana kutoka kiwanda cha nyumba kuelekea ndani, ni mirefu na myembamba.

Sheria hiyo ya mti haikuishia Lamu. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja pwani hii kwa pepo za kaskazi, yakarudi kwa kusi yakiwa yamesheheni boriti, kwa sababu nchi zile ni kavu na hazina miti mirefu ya kujengea. Baharia na mwandishi Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait ambalo lilipakia shehena ya namna hiyo katika delta ya Rufiji. Nyumba za huko nazo zikapata vyumba vyembamba kwa sababu ile ile. Biashara hiyo ilikoma Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982. Lakini katika siku zake, majahazi yaliyochukua boriti yalileta tende, chumvi, makasha na mazulia. Zulia la zama zile lilifumwa kwa mkono, likiwa jembamba na refu, na liliingia katika chumba cha boriti bila ya ugomvi.

Zulia la leo ni mwana wa kiwanda. Mashine hulifuma au kulichoma nyuzi likiwa na upana mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Upana wa kawaida ni mita 4, ingawa yako ya mita 3 na ya mita 2. Muuzaji hukata urefu tu. Mnunuzi akitaja mita 5 au mita 7, huwa ametaja urefu, na upana wote hulipiwa pamoja nao, utumike usitumike. Hapo ndipo fedha za maskini zinapopotelea.

MAMA WA MKOMANI

Mama mmoja mwenye nyumba huko Mkomani alikuwa na shughuli mbili zilizomkabili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa arusi ya binti yake. Wageni wa kike wangekaa katika msana wa juu, na sakafu ya msana huo ilikuwa na mikeka iliyokwisha kuchakaa. Ya pili ilikuwa dari ya chumba hicho hicho. Mvua ya masika ilikuwa imepenya juu, na boriti mbili zilikuwa zimeoza penye vichwa vyake, pale zinapoingia ukutani. Fedha alizokuwa nazo ni zile za mchezo wa upatu, zamu yake ilipofika. Zilitosha kununua zulia la kutandika ukuta hadi ukuta, au zilitosha kununua boriti na kumlipa fundi. Hazikutosha vyote viwili.

Watu wa nyumbani walimshauri atangulize zulia. Wageni, walisema, hutazama chini wavuapo viatu, na hakuna aendaye arusini kutazama dari. Shauri hilo lilikuwa na ukweli wake. Lakini boriti iliyooza haingoji arusi ipite, na chumba chenyewe ndicho kingejaa watu.

Kabla ya kuagiza Mombasa, mama huyo alimwita seremala wa jirani amsaidie. Seremala aliuliza neno moja tu. "Mama, kanga hununuliwa kwa doti, lakini zulia hununuliwa kwa chumba. Chumba chako umekipima?"

"Nimekipima kwa macho, mwanangu," mama akajibu. "Mita 7."

"Macho hayana inchi, mama. Tuazime futi kamba."

Urefu kweli ulikuwa mita 7. Upana ulipimwa mahali patatu, kwa kuwa kuta za mawe ya matumbawe hazikunyooka kama kuta za matofali: mita 2.68 upande mmoja, mita 2.70 katikati, mita 2.63 upande wa pili. Vipimo vyote vikaandikwa kwenye karatasi pamoja na mchoro wa chumba, mahali pa mlango, na upande ambao ubao wa mlango hufungukia.

HESABU YENYEWE

Njia ya kwanza, ambayo wengi huifuata, ni kununua mita 7 za zulia lenye upana wa mita 4. Huo ni mraba wa mita 28. Chumba kinahitaji pungufu kidogo ya mita 19 za mraba. Kinachobaki ni ukanda wa mita 7 kwa mita 1.30, ambao umelipiwa bei ile ile na hauna mahali pa kwenda.

Njia ya pili ni kuligeuza zulia. Upana wa zulia hulazwa kufuata urefu wa chumba. Vipande viwili hukatwa vyenye urefu sawa na upana wa chumba, kisha vikawekwa bega kwa bega. Kipande cha kwanza hufunika mita 4 za chumba, na cha pili hupunguzwa kifunike mita 3 zilizobaki. Pamoja na ziada ya sentimita 10 kwa kila kipande kwa ajili ya kurekebisha, hununuliwa mita 5.60 badala ya mita 7. Moja ya tano ya gharama imeokolewa, na kilichoongezeka ni maungio mamoja.

Njia ya tatu ndiyo aliyoichagua mama wa Mkomani, baada ya seremala kumweleza habari ya kuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ndivyo ulivyoishi miaka yote hiyo. Zulia la mgongo wa mpira likigandishwa kwa gundi mpaka ukutani, unyevu hukosa njia ya kutokea. Huoza mgongo wa zulia, kuvu huota, lipu ya chini hububujika na kudondoka, na wenye pumu ndani ya nyumba ndio wa kwanza kuonja matokeo. Kadhalika zile mbao nyembamba zenye misumari, zinazotumiwa katika nyumba za saruji kulishika zulia pembeni, hupasua sakafu ya chokaa zinapopigiliwa. Kwa hiyo katika nyumba ya namna hii ni bora zulia lilazwe bila ya gundi wala misumari, na sakafu iachwe wazi yapata sentimita 20 kila upande.

Zulia likapungua kuwa mita 6.60 kwa mita 2.30. Vipande viwili vya mita 2.30 ni mita 4.60 za kununua. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mita moja ya urefu ni shilingi 1,000. Njia ya kwanza ingemgharimu 7,000, ya pili 5,600, na hii ya tatu 4,600. Katika kila shilingi 7,000 zimebaki 2,400, na zulia ni lile lile, la ubora ule ule, kutoka bunda lile lile.

Ikiwa dukani lipo zulia la upana wa mita 3, nalo lipigiwe hesabu, kwa maana huenda likaondoa haja ya maungio. Njia ya haki ya kulinganisha ni kugawa bei ya mita moja ya urefu kwa upana wa zulia, ipatikane bei ya mita moja ya mraba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na zulia ni mali.

KULICHAGUA

Akiba iliyopatikana katika kupima isipotezwe katika kuchagua. Mnunuzi alikunje zulia kwa nje, nyuzi zichanuke, na atazame mgongo wake. Mgongo ukionekana upesi baina ya nyuzi, zulia hilo litalala kama nyasi zilizokanyagwa kabla mwaka haujatimia. Nyuzi fupi zilizosongamana hudumu kuliko nyuzi ndefu zilizo mbalimbali, ijapokuwa ndefu hupendeza zaidi machoni na mkononi.

Zulia la sufi ni zuri na ghali, na likihifadhiwa vibaya huliwa na nondo. La nailoni hustahimili miguu mingi. La polipropilini ndilo la bei nafuu. Halinywi maji wala halishiki madoa upesi, sifa ambazo katika mji wa bahari si ndogo. Lakini lina adui mmoja ambaye katika nyumba za pwani hakosekani, naye ni kaa la moto. Chetezo kikipitishwa arusini na kaa moja likaanguka, sufi itaungua ukingo tu na kutoa harufu, bali polipropilini itayeyuka na kuacha shimo gumu lisilozibika. Mwenye zulia hilo na akiweke chetezo juu ya sinia pana, tena mbali na mapito ya watoto.

Vipande vyote lazima vitoke katika bunda moja. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa ya dukani huweza kutofautiana chini ya mwanga wa kiwanda cha nyumba. Zulia lenye maua makubwa nalo lisinunuliwe kwa chumba kitakachohitaji maungio, kwa sababu kuyakutanisha maua hula zulia jingi. La rangi moja, au lenye mchanganyiko mdogo mdogo, huficha mshono na huficha vumbi pia.

KULISAFIRISHA NA KULITANDIKA

Vipande vya mama huyo vilikatiwa dukani Mombasa kwa kufuata karatasi ya vipimo. Kila kimoja kilikuwa mita 4 kwa mita 2.30, na vikaviringishwa kwa upande mwingine, ili bunda liwe na urefu wa mita 2.30 badala ya mita 4. Bunda hilo lilifungwa nailoni mara mbili kwa ajili ya rasharasha ya maji ya chumvi. Lilikaa vema katika mashua ya Mokowe, likapita vichochoroni juu ya mkokoteni, likapanda ngazi na kona yake. Jambo la tahadhari ni moja: mtu asikubali zulia likatwe dukani asipokuwa na hakika ya vipimo, kwa kuwa kilichokatwa kifupi hakirefushwi.

Sakafu ilifagiwa, ikapanguswa, ikaachwa siku mbili madirisha yakiwa wazi mpaka ikakauka. Vipande vikafunuliwa na kulazwa usiku kucha ili mikunjo itoke kwa uzito wake wenyewe. Asubuhi seremala alipitisha kiganja juu ya kila kipande kuona nyuzi zinalalia upande gani. Vipande viwili ambavyo nyuzi zake hutazamana kinyume huonekana kama rangi mbili, hata kama vimetoka bunda moja. Kipande cha pili kikapinduliwa na kuchorwa chaki mgongoni, kikakatwa kwa kisu kikali kilichoongozwa na ubao ulionyooka. Kisu hupita mara mbili tatu polepole, wala hakilazimishwi kukata kwa mara moja.

Katika maungio zilikutanishwa zile kingo mbili za kiwandani, ambazo hunyooka kuliko ukataji wa mkono wowote. Chini yake ukawekwa ukanda wa turubai wenye upana wa kiganja, ukapakwa gundi, na juu yake yakawekwa magunia mawili ya mchele mpaka kesho yake. Gundi hiyo ilishika zulia na turubai tu, na karatasi ya nailoni ikatandazwa chini ili isiguse sakafu. Mshono ukaangukia mita 4 kutoka mwisho mmoja wa zulia, kando ya mlango wala si mbele yake, kwa maana palipo na miguu mingi ndipo mshono hufumuka kwanza.

Ubao wa mlango wa zamani ulihitaji nafasi ya kufungukia. Wako watu ambao katika hali hiyo huukata mlango kwa chini. Katika nyumba za Lamu, ambazo milango yake ni kazi ya nakshi isiyorudiwa kwa urahisi, huko ni kuharibu kilicho ghali kwa ajili ya kilicho rahisi. Ule ukingo wa sakafu ulioachwa wazi ulisaidia kidogo, na mahali palipobaki zulia lilikatwa nusu duara ndogo kufuata mzunguko wa mlango.

Kingo zote zilizokatwa kwa mkono zilishonewa utepe mnene kwa sindano ya matanga. Kazi hiyo ilichukua mchana wa siku mbili, wanawake wa nyumba wakisaidiana. Zulia lisilotiwa pindo hufumuka uzi baada ya uzi, na hapo akiba yote huwa imepita bure.

MBACHA NA MSALA

Mikeka iliyochakaa haikutupwa. Mkeka wa pwani hushonwa kwa shupatu zilizosukwa kwa ukindu, na jamvi kwa miyaa, na vyote viwili hupitisha hewa. Ile mizima kidogo ilikunjwa ikawekwa, nayo hutandikwa juu ya zulia siku ya karamu, pale sinia za wali na mchuzi zinapowekwa chini. Mchuzi ukimwagika, mkeka hupanguswa na kuanikwa, na zulia halijui lililotokea. Usiache mbachao kwa msala upitao: methali hiyo wengi huitumia wakisema habari za marafiki, lakini mbacha ni mkeka mkuukuu, na katika msana wa Mkomani maana yake ya kwanza bado inafanya kazi.

Kwa kuwa zulia halikugandishwa, mara moja kila baada ya miezi michache hubebwa na watu wanne hadi juu ya dari, likapigwa fimbo na kuanikwa upande wa mgongo. Wakati huo sakafu nayo hupata hewa. Kipande kilichobaki, mita 1.40 kwa mita 2.30, kilitiwa pindo na kuwekwa katika chumba cha bibi arusi. Vipande vidogo vilihifadhiwa sandukuni, siku shimo litakapotokea.

Na zile fedha zilizosalia zilifanya kazi iliyokusudiwa. Kabla zulia halijafunuliwa, mafundi walizitoa boriti mbili zilizooza na kuingiza nyingine nzima, wakaziba juu kwa mawe na chokaa. Kazi hiyo ilitangulia kwa makusudi, kwa maana hakuna atandikaye zulia jipya chini ya vumbi la ujenzi. Usiku wa arusi msana ulijaa wanawake kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Walilisifu zulia, wakauliza bei yake, wakauliza duka. Hakuna aliyeuliza habari za dari, na mama mwenye nyumba hakuona haja ya kuitaja. Alikuwa ameketi chini yake pamoja na wageni wake, bila ya wasiwasi.